Bahasha, ushuru na paa la kanisa letu

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, lakini hapa Kisauni, Mombasa, wenye haja ya kura wameshaanza kuikumbuka njia ya kanisani. Utawatambua mapema. Gari linaachwa nje likinguruma na dereva ndani, vijana wanatangulia kutafuta viti, kisha anaingia mtu ambaye hatujamwona tangu kampeni zilizopita, katikati ya wimbo wa pili, akipunga mkono kama aliyefika uwanja wa Tononoka. Anapewa kiti cha mbele. Kabla ya baraka anaombwa "atusalimie kidogo", na salamu hiyo huja ikayazidi mahubiri kwa urefu.

Mimi ni mweka hazina wa kanisa letu. Sikuchaguliwa kwa utakatifu. Nilichaguliwa kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni makaratasi: niko na wakala wa forodha kule Shimanzi, naandaa hati za mizigo inayoshuka Kilindini. Kwa hiyo watu wanaponiuliza Mkristo ahusiane vipi na serikali na siasa, siwezi kuanzia mbinguni. Naanzia mezani kwangu, kwenye ankara.

Mteja analeta ankara mbili. Moja ni ya kweli, ile aliyolipia Dubai au Guangzhou. Nyingine imetengenezwa kwa ajili ya forodha, thamani imepunguzwa mpaka inatia aibu. Anataka nitumie hiyo ya pili. Na mteja huyu mara nyingi si jambazi. Ni ndugu katika Bwana, ana stika ya "Damu ya Yesu" kwenye kioo cha nyuma, na kwenye kesha ndiye anayepaza sauti kuliko wote tunapoomba nchi ikombolewe kutoka kwa mafisadi. Nikimkatalia ananiambia, "Dada, hii serikali ni ya wezi. Mbona nimpelekee mwizi pesa zangu?"

Swali lake halina upuuzi. Mimi pia husikiliza taarifa ya habari. Lakini Kaisari wa siku za Yesu hakuwa mtu wa heri hata kidogo. Alikuwa Tiberio, mtawala wa kigeni ambaye askari wake walikuwa wameikalia nchi ya Wayahudi, na kila aliyelipa ile kodi alikuwa anakiri kwamba ametawaliwa. Bado jibu likawa "Mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari, na Mungu yaliyo ya Mungu." Paulo naye aliwaandikia Wakristo wanaoishi Roma kwenyewe, mlangoni pa dola, kwamba mtu wa kodi apewe kodi na mtu wa ushuru apewe ushuru. Nimeuandika mstari huo, Warumi 13:7, nikaubandika kando ya kompyuta. Baadhi ya wateja wakiuona huondoka na ankara zao zote mbili.

Ila sura ninayoirudia mara nyingi ni Luka 3. Watoza ushuru wanamwendea Yohana Mbatizaji wabatizwe, wanamuuliza wafanye nini. Hao ni watu wa kazi yangu! Yohana angeweza kuwaambia waiache kazi ile yenye uchafu waende naye jangwani kula nzige na asali ya mwitu. Hakusema hivyo. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari nao walipouliza, akawaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Kisha akawarudisha kazini, kesho yake wakavae sare zile zile. Ningependa mahubiri hayo yasomwe kwa sauti kwenye kila kizuizi cha polisi kutoka Mtwapa hadi Mariakani, na kwenye kila ofisi ambapo faili haisogei bila chai.

Na Yohana huyo huyo ndiye aliyemwambia Herode usoni kwamba si halali kuwa na mke wa ndugu yake. Marko anasimulia kwamba Herode alimwogopa, na alikuwa akimsikiliza kwa furaha, jambo ambalo hunishangaza kila ninapolisoma. Mwisho wake kichwa kikaletwa kwenye sinia. Mtu mmoja aliwafundisha watumishi wa serikali uaminifu, akamkemea mtawala, na aliweza kufanya yote mawili kwa kuwa mikono yake haikuwa na kitu cha Herode. Nimeipekua Biblia sijaona mahali Herode alipomchimbia Yohana kisima.

Sasa nieleze habari ya paa.

Kanisa letu lina jengo la shule ya Jumapili ambalo kuta zilisimama zamani na juu likabaki wazi. Kabla ya uchaguzi wa 2022 tukaitisha harambee. Mgeni wa heshima alikuwa mwanasiasa mmoja, nisimtaje, si lazima. Mwaka huo hata kura ya ugavana wa Mombasa iliahirishwa kutoka tarehe 9 Agosti hadi tarehe 29 kwa sababu ya karatasi za kura zenye makosa, kwa hiyo waumini wa Mombasa tulipata msimu wa salamu mrefu kuliko Wakenya karibu wote isipokuwa wa Kakamega. Basi mgeni wetu akashika maikrofoni, akataja kiasi chake na cha marafiki zake, vigelegele vikapaa, kwaya ikasimama. Baada ya ibada kamati tukafungua bahasha. Ndani mlikuwa na chini ya nusu ya kilichotajwa.

Watu wa kamati wakatazamana. Mchungaji akasema tuandike kilichomo, nami nikaandika kilichomo. Jumatatu akanipigia kijana wa mheshimiwa akitaka risiti ya kiasi kile kilichotangazwa. Nikamwambia, "Mwanangu, risiti hufuata pesa, haifuati maikrofoni." Akanijibu kwamba mheshimiwa hatafurahi. Nikamtakia siku njema.

Tukanunua mabati kwa kilichopatikana, yakafunika upande mmoja. Uchaguzi ukapita. Mvua za masika zilipokuja, mtaro ulio mbele ya kanisa ukafurika, maji machafu yakaingia mpaka kwenye nyumba za majirani, Wakristo na Waislamu pamoja, kwa sababu maji hayaulizi dini. Akina mama wakachagua wenzao waende ofisini kwake. Walisubiri kwenye benchi nusu siku, kisha wakaambiwa, "Nyinyi si wale watu wa kanisa niliowawekea paa?" Wakarudi kimya. Mzee mmoja akapiga hesabu kwa sauti: yale mabati tumeyalipa kwa mtaro.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema, na mengine yote ninayoandika hapa yanalizunguka. Mkristo ana deni kwa serikali: ushuru wake, ukweli wake kwenye fomu, maombi yake, na maswali yake. Anayepokea bahasha hubaki na yale matatu ya kwanza, la nne akalipoteza. Na Kaisari hana shida na mtu anayelipa na kuomba. Anayemsumbua ni anayeuliza.

Kamati yetu ilichukua muda kukubaliana, na haikuwa rahisi. Kwanza, yeyote anakaribishwa ibadani, awe gavana au mwakilishi wadi, akae popote penye nafasi. Pili, hakuna maikrofoni. Tatu, sadaka yake iingie kwenye kikapu pamoja na za wengine bila kutangazwa. Nne, harambee zetu hazina mgeni wa heshima. Kwaya walinuna, kwani walikuwa wameahidiwa kinanda. Familia moja ilihama ikaenda kanisa ambalo lina siti maalumu za wakubwa. Upande mmoja wa jengo bado hauna paa, na watoto wa darasa la wadogo wanasomea chini ya mwarobaini. Sisemi haya kwa kujigamba. Hata wiki iliyopita mtu alinigombeza kwa ajili ya mwarobaini huo.

Yakobo sura ya pili inamtaja mtu anayeingia kanisani na pete ya dhahabu na mavazi mazuri, akaambiwa keti hapa mahali pazuri, na maskini akaambiwa simama kule. Tulikuwa tunaisoma sura hiyo kila mwaka huku wahudumu wetu wakitenga viti vyenye vitambaa. Wahudumu wenyewe hawana lawama, ndivyo walivyofundishwa.

Wala sisi si wa kwanza. Septemba 2021, kule Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia kanisani, na wakubwa wa nchi walikuwepo. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliamua kurudisha pesa ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa kwenye parokia moja ya Kayole, shilingi milioni 2.6, na ahadi zake nyingine likazikataa. Siku chache kabla ya hapo maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikosoa serikali waziwazi. Fikiria wangekosoa huku wakiwa wamepokea. Miezi michache baadaye, mwaka 2025, Rais huyo huyo alilipa kanisa moja la Roysambu, Nairobi, shilingi milioni 20, na vijana wakajaa barabarani kupinga. Kwa hiyo mjadala huu uko kila mahali, na kila kanisa linaujibu kwa sauti au kwa bahasha.

Jirani yangu Mwislamu, tunayepeana mahamri asubuhi na lawama za maji ya mfereji jioni, alinisikiliza nikilalamika akacheka. "Kwenu mnaletewa mabati, kwetu tunaletewa mazulia. Uchaguzi ukiangukia karibu na Ramadhani, tende huwa tele."

Kuna ndugu wanaoniambia kwamba dawa ni moja: tupate viongozi Wakristo, basi. Nikiwa mtu wa Kisauni, neno hilo haliniingii, na sababu zake ni za ukoo.

Mimi ni Mmisheni. Kwa asiyejua, ndivyo tunavyoitwa tuliotokana na watu wa Frere Town, kijiji ambacho misheni ya Kianglikana ya CMS ilikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kengele iliyopapa Kengeleni jina lake ndiyo yetu. Bibi mzaa bibi yangu aliletwa hapo akiwa mtoto, manowari ya Kiingereza ilipolikamata jahazi. Kwa hiyo mimi ni Mkristo kwa neema ya Mungu, lakini pia kwa sababu ya serikali iliyokuwa na meli za vita na mkataba wa mwaka 1873 uliofunga masoko ya watumwa Zanzibar. Sidharau serikali. Inaweza kumtoa mtu kwenye minyororo.

Lakini watu hao walipofika nchi kavu walikuta kwamba misheni ndiyo kanisa na ndiyo serikali. Msimamizi aligawa mashamba, alihukumu kesi, alikuwa na mahabusu, na aliamuru watu wachapwe viboko. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko ya viboko hivyo yalifika mpaka Uingereza, uchunguzi ukafanywa. Waliochapwa walikuwa Wakristo, na waliochapa walikuwa Wakristo, na asubuhi yake wote waliitika kengele moja. Mtu akiniambia anataka nchi itawaliwe na kanisa, mimi namwambia kwetu lilishatawala. Aje aulize wazee wa Kisauni walichosimuliwa na wazee wao.

Kule Rabai, upande wa bara, palikuwa na kesi nyingine. Watumwa waliotoroka mashamba ya mwambao walikimbilia misheni. Sheria ya wakati ule iliwahesabu kuwa mali ya watu, na kuwaficha watoro lilikuwa kosa. Wakristo wa Rabai wakawaficha. Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilipoanza kuutawala mwambao ilikuta watoro kama 1,400 kwenye vituo vya misheni. Ikaamua kuwalipa wenye watumwa fidia ili watu hao waachwe huru. Waliolipwa ni mabwana. Watoro hawakupata hata senti. Utumwa wenyewe ulikuja kukosa nguvu ya kisheria hapa pwani mwaka 1907. Wanaosoma Warumi 13 kana kwamba Biblia inaishia hapo, sijui wangewaambia nini wale watoro usiku walipobisha hodi. Rejeeni kwa mabwana zenu? Petro na wenzake walishasema mbele ya baraza kwamba imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, nao hawakuwa wahuni.

Tukirudi nyuma zaidi, mji huu una ngome yenye jina la Yesu. Wareno waliijenga kuanzia 1593, wakaijaza mizinga. Walimchukua mtoto wa mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, wakamlea Goa, wakambatiza Dom Jerónimo, wakamrudisha awe mfalme Mkristo wa mji wa Waislamu. Agosti 1631 aliingia ngomeni akamuua kapteni, akaurudia Uislamu, na Wakristo wengi wa Mombasa, Wareno na wenyeji, wakauawa. Waingereza nao waliigeuza ngome hiyo hiyo kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Jela yenye jina la Yesu! Kila nikipita Mji wa Kale na wageni huwaonyesha mizinga kwanza.

Ndiyo maana hata ule mkondo mwingine wa historia hunifurahisha. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alikuwa na barua ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, ikiwataka maliwali wamtendee wema. Injili ilishuka hapa na kibali cha mtawala Mwislamu, na mke wa Krapf na mtoto wao mchanga wakazikwa ng'ambo ya pili ya mkondo, mwaka huo huo. Tangu kaunti ianzishwe mwaka 2013 Mombasa imekuwa na magavana wawili, wote Waislamu. Tunawaombea kila Jumapili kwa jina, kama Paulo alivyomwagiza Timotheo kuhusu wafalme na wote wenye mamlaka. Muumini mmoja alinifuata akaniuliza kama inafaa. Nikamuuliza Nero, Kaisari wa siku za Paulo, alikuwa dhehebu gani.

Mwaka 2010, kwenye kura ya maoni ya katiba, makanisa mengi yalisimama na rangi nyekundu, rangi ya Hapana. Sababu mojawapo ilikuwa mahakama za kadhi. Mchungaji wetu wa wakati ule alituambia tukipitisha tumeuza nchi. Mimi nilipiga kijani. Kifungu cha 170 nilikuwa nimekisoma: kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu, na pale tu wahusika wote wanapokubali kwenda kwake. Mahakama hizo zilikuwepo hapa pwani kabla Kenya haijaitwa Kenya, na kulindwa kwake kulikuwa sehemu ya mapatano ya 1963 Sultani alipouachia ukanda wa mwambao. Kifungu cha 8 cha katiba hiyo hiyo kinasema hakuna dini ya taifa. Hicho ndicho kinachonilinda mimi Mmisheni niishiye kati ya misikiti, na ndicho kinachomlinda jirani yangu akienda kuishi kwa mwanawe Kirinyaga. Siwezi kukitaka kwangu nikamnyima yeye.

Upande wa pili wa jambo hili wako wale wanaoona dawa ni kuikimbia serikali kabisa. Mashahidi wa Yehova hawapigi kura, na nawaheshimu, kwa kuwa wanalipa kodi na hawamdhuru mtu. Lakini pwani tunajua mahali mafundisho ya kuikimbia dunia yanapoweza kufika. Paul Mackenzie alianza Malindi kwa kuhubiri kwamba shule ni za shetani, hospitali ni za shetani, Huduma Namba, ule usajili wa serikali, ni ya shetani. Aprili 2023 makaburi ya wafuasi wake yakaanza kufukuliwa msituni Shakahola, na miili ikapita 400, mingi ya watoto. Watoto wasio na cheti cha kuzaliwa, wasioandikishwa shuleni, wasiojulikana na kliniki yoyote: nani angeuliza wako wapi? Daftari la mwalimu linaloitwa asubuhi ni jambo la kidunia tupu, na lingeweza kumwokoa mtoto. Serikali nayo ilimkamata mtu huyo zaidi ya mara moja kabla ya hapo ikamwachia, na kwa hilo tuna haki ya kuiuliza. Ila wachungaji wanaosikia neno "usajili" wakaanza kulia mateso, waende kwanza wakasimame kwenye ile ardhi.

Ninaposema kuuliza sina maana ya kila mchungaji kuwa na mgombea wake. Wazee wetu walikuwa na somo zuri siku za mlolongo. Uchaguzi wa 1988, chama tawala cha KANU kilitaka wapiga kura wa mchujo wapange foleni hadharani nyuma ya mtu wanayemtaka. Baraza la Makanisa, NCCK, lilipinga, na moja ya hoja ilikuwa wazi: mchungaji akishaonekana kwenye foleni moja, waliosimama kwenye foleni nyingine hawatamwita tena wakifiwa. Siku hizi hakuna mlolongo, lakini mchungaji anayepiga picha na kofia ya chama amejipanga mwenyewe. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti miaka ile. Hakuwa na foleni. Waziri mmoja alimwonya asikanyage Busia. Alikwenda, akahubiri, na akirudi tarehe 14 Agosti 1990 akafa kwenye ajali ya barabarani.

Vijana wetu wanalijua jambo hili kuliko sisi. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, baadhi ya wanakwaya waliandamana Moi Avenue, pale kwenye pembe za ndovu, na nguo zikarudi zinanuka gesi. Tarehe 25 bunge likavamiwa Nairobi, vijana wakapigwa risasi, kesho yake Rais akasema hatautia saini mswada. Jumapili iliyofuata ikasomwa Warumi 13 kanisani, kwa kuwakumbusha utii. Baada ya ibada msichana mmoja wa chuo akamfuata mchungaji na Biblia yake wazi. Akamwonyesha mstari wa nne, unaosema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema. "Sasa, baba mchungaji, asipofanya mema tunamuuliza wapi?" Mchungaji, namsifu kwa hili, hakumkaripia. Alisema atafikiri. Wiki chache baadaye alihubiri juu ya Paulo kule Filipi, alipochapwa bila hukumu na siku ya pili akakataa kutoka gerezani kimyakimya: waje wenyewe watutoe. Paulo alijua uraia wake una thamani gani, na alimdai Kaisari hukumu ya haki kwa njia ya Kaisari mwenyewe.

Njia yetu sisi ni ndogo na inachosha. Sheria ya fedha za umma inataka makadirio ya bajeti yafike bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na bajeti ianze kutumika Julai, na katikati hapo wananchi wasikilizwe. Vikao huwa siku ya kazi, saa za asubuhi, kwenye ukumbi ambao tangazo lake ulikuwa ulione gazetini. Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Wengi waliokuwepo walikuwa wameletwa na mtu, na walijua ni wakati gani wa kupiga makofi. Tulikuwa mimi, yule jirani yangu wa mahamri, na akina mama wawili wa mtaani. Zamu yetu ilipofika nikasimama na picha za mtaro. Ofisa akaniuliza, "Mama, unawakilisha kundi gani?" Nikasema hatuwakilishi kundi, tunaishi pale. Jirani akaongeza kwamba ushuru wa kibanda chake cha viazi karai anaulipa na risiti anazo, akazitoa kwenye mkoba, zimefungwa kwa mpira. Ofisa akaandika.

Mtaro umo kwenye makadirio, nimeuona, umewekewa fedha kidogo kuliko inavyotakiwa. Kikao kijacho kikitangazwa nitaandika hapa tarehe na ukumbi. Tafadhali mje na vitambulisho, wanaviulizia mlangoni, na aliye na picha za mvua zilizopita asizifute kwenye simu.